Umeiangalia, au Umeona Kipande?



Wapendwa vijana, somo letu leo ni 2 Sam 12:1-7. Kama Biblia ipo karibu, lisome kwanza, ni fupi tu. Halafu turudi hapa.

Likizo hii nilikuwa nyumbani Mingoyo, pale njia ya Masasi inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mtwara. Jumamosi moja jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana tulikaa nje ya kanisa tukaanza kubishana kuhusu tamthilia. Jina lake naliacha, maana tatizo halikuwa la tamthilia. Katika episodi ya wiki hiyo mama mmoja kijana alimwacha mtoto wake kwa bibi, akapanda basi kwenda mjini. Swali likawa: huyu mama ni mbaya au siyo?

Nikapewa nafasi ya kuzungumza, si unajua tena, Frateri amesoma falsafa. Nikatiririka. Nikaeleza wajibu wa mzazi, nikatofautisha tendo na nia, nikahitimisha kwamba mwanamke wa namna ile hana moyo wa mama. Makofi yakapigwa. Dada mmoja wa sauti ya pili akaniuliza taratibu, "Frateri, hiyo episodi uliiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Nilikuwa nimeona kipande cha kama dakika moja kwenye status ya mtu. Nikajibu kwa ujanja, "Nimeona sehemu muhimu." Watu wakacheka, tukaendelea. Jumapili yule dada hakuja kuimba. Iliyofuata pia hakuja. Ndipo nikaambiwa kwamba naye ana mtoto anayelelewa na bibi, kwa sababu wiki nzima yeye yuko Lindi mjini kwenye kibarua. Nayaandika haya kwa ruhusa yake.

Tulikuwa tunasimuliana

Kubishana kuhusu tamthilia si jambo jipya kwetu. Wengi tumekua nyumba zikijaa watu wa jirani saa ya Isidingo pale ITV. Zikaja Siri ya Mtungi, Huba, Jua Kali, na ile ya Kituruki ya Sultan iliyotiwa sauti za Kiswahili Azam TV. Ukikosa episodi, asubuhi unamtafuta aliyeiona. Naye alikuwa na utaratibu wake: kwanza anakusimulia, nani kasema nini, kwa nini, ikaishia wapi. Maoni yake yanakuja mwisho, na wewe umeshapata ya kumpinga nayo.

Hata shuleni tulifundishwa hivyo. Aliyefika Kidato cha Nne anakumbuka uhakiki: fani na maudhui, wahusika, dhamira, ujumbe. Ukiulizwa kuhusu Sekai wa Takadini, yule mama anayekimbia kwao ili kumwokoa mwanaye mwenye ualbino, huwezi kuandika "Sekai noma sana" ukategemea alama. Unatoa hoja, na kila hoja unaipa mfano kutoka kitabuni.

Leo uhakiki wetu umebaki hukumu tupu. "Kali." "Imebuma." "Yule dada shetani kabisa." Sababu nyingine zinaeleweka: bando ni ghali, kifurushi cha king'amuzi kimeisha, na kipande cha dakika moja kinakuja chenyewe. Lakini anayekata kipande huchagua pale panapochoma. Sababu za mhusika, machozi yake, yaliyotangulia na yaliyofuata, hayo hubaki nje. Kutokuona si dhambi. Kosa ni kuhukumu kana kwamba umeona.

Daudi alisikiliza hadi mwisho

Sasa turudi kwenye somo. Nabii Nathani hakumwendea Daudi na lawama. Alimpelekea hadithi: tajiri mwenye mifugo mingi, maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyemlea kama binti yake, na tajiri akamchukua huyo mmoja ili amkirimu mgeni. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Tuangalie vizuri hapa. Nathani hakumkemea Daudi kwa kumhukumu mtu wa kwenye hadithi. Aliitaka hasira ile, akaitumia kumwamsha. Kwa hiyo kubishana kuhusu wahusika si kupoteza muda, ni zoezi la dhamiri. Uovu tuuite uovu hata kwenye tamthilia. Ila Daudi alikuwa ameisikia hadithi yote. Na hadithi ilipokwisha, ilimgeukia yeye mwenyewe.

Mimi sikufanya hata moja kati ya hayo mawili. Sikuisikia yote, wala sikujiuliza mimi ni nani ndani yake. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia. Na katika Yn 7:51 Nikodemo anawauliza wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477 na 2478, inaonya juu ya kuamini ubaya wa jirani bila msingi wa kutosha, na inatuelekeza kuyapokea maneno na matendo yake kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana.

Utaniambia: mhusika si jirani, ni mtu wa kutungwa. Kweli. Lakini ulimi haubadiliki ukitoka kwenye runinga kuingia mtaani. Leo tunasema mwigizaji fulani lazima ana roho mbaya hata kwake, kwa sababu tu ameigiza vizuri. Kesho tunayasema hayo hayo kwa binti wa jirani.

Tubishane kama Mtakatifu Tomaso

Kwenye falsafa nilimsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa Theologiae kila swali analianza kwa hoja za upande ambao yeye hatakubaliana nao. Anaziweka wazi, tena zenye nguvu, ndipo anatoa jibu lake na kuzijibu moja moja. Nilifaulu mtihani kuhusu utaratibu huo. Pale nje ya kanisa ulinitoka wote.

Basi tujaribu hivi wiki hii:

1. Sema ukweli kuhusu ulichoona. "Sijaiangalia, nisimulie" ni sentensi ya mtu huru.
2. Simulia kwanza, hukumu baadaye.
3. Msemee yule unayempinga mpaka anayemtetea aseme, "Naam, ndicho ninachomaanisha." Baada ya hapo mjibu.
4. Mwisho jiulize: ndani ya hadithi hii mimi ni nani? Na kati ya wanaonisikiliza, ni nani anayeweza kuumia kwa ninachosema?

Nilikwenda na mama yangu kumwomba radhi yule dada. Alitupa viti, akanisikiliza. Kisha akanisimulia ile episodi kuanzia mwanzo. Kumbe yule mama wa kwenye tamthilia alikuwa amefukuzwa kazi, kodi imemshinda, na kabla ya kupanda basi alirudi mara mbili kumnyonyesha mwanaye. "Kwenye kipande hawakuweka hayo," akaniambia. Ameshanisamehe. Kwaya bado hajarudi, anasema atafikiria.

Tafakari: Ni nani niliyemhukumu wiki hii kwa kipande tu? Naweza kumwendea na kumwomba anisimulie?

Sala: Ee Yesu, wewe unayaona maisha yangu yote, wala hunihukumu kwa dakika moja. Nipe masikio ya kusikiliza hadi mwisho, na ulimi unaosubiri. Pale nilipomjeruhi ndugu yangu kwa maneno, unipe ujasiri wa kwenda kwake. Amina.