Mwenye Nyumba Anapouliza Habari za Madeni Yako



Katika kuzunguka vikundi vya hapa Kimilili tumekutana na jambo ambalo linaanza kuleta mabishano. Kikundi kinataka kukodi chumba sokoni, cha cherehani au cha kuwekea mahindi. Au mtoto wa mmoja wetu amepata kazi Bungoma ama Kitale, na sasa anatafuta pa kulala. Tangu zamani mwenye ploti ameuliza maswali matatu tu: watoka wapi, wafanya kazi gani, na kodi ya mwezi wa kwanza iko? Siku hizi wako wengine, hasa mawakala wa nyumba za mjini, wanaoongeza la nne: leta cheti cha CRB.

Hii bado si desturi ya kila ploti. Lakini neno lenyewe, CRB, limeshatia watu hofu, na tumesikia wengine wakisema kwamba mtu akiwekwa huko amekwisha, hata chumba cha mabati hapati. Tuangalie basi ni kitu gani.

CRB ni kampuni ya kuweka kumbukumbu za mikopo. Si polisi, wala si mahakama. Benki Kuu ya Kenya ilitoa leseni ya kwanza mwaka 2010, na kampuni zilizopata leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka huko habari za mkopo uliolipwa vizuri na za ule uliokwama. Wengi wetu hatujui kwamba habari nzuri pia huandikwa. Metropol kwa mfano humpa mtu alama kutoka 200 mpaka 900, na anayelipa kwa wakati hupanda.

Sasa, angalia kile ambacho kwa kawaida hakimo. Deni la sukari na sabuni kwa jirani mwenye duka halimo. Pesa ulizokopa katika mzunguko wa kikundi hazimo. Hata kodi uliyoshindwa kumlipa mwenye ploti wa zamani, kwa kawaida haimo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetegemea cheti hicho peke yake anauliza swali moja na kupata jibu la swali lingine. Mtu anaweza kuwa na cheti safi kabisa na bado akahama usiku na kodi ya miezi mitatu. Na mwingine jina lake liko huko kwa sababu ya mkopo wa mbolea mwaka ambao mvua ilikataa, lakini kodi yake haijawahi kupita tarehe tano.

Tuchukue mfano. Mama mwenyekiti wa kikundi anampa mtoto wa dada yake laini ya simu na kitambulisho “kwa siku mbili tu”. Kijana anakopa kwa simu shilingi 3,000, halafu anaenda Nairobi na hashiki simu tena. Miezi inapita. Kikundi kinapata chumba kizuri karibu na stendi, wakala anaomba cheti cha viongozi, na jina la mama linaonekana lina deni. Kikao kinachafuka. Wengine wanasema mama ajiuzulu, wengine wananong’ona kwamba labda hata pesa za kikundi zimeguswa.

Sisi tunaona kumwondoa mama huyo ni haraka mno. Deni ni la shilingi 3,000 na faida yake. Kwanza aombe ripoti yake mwenyewe. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti moja bure kwa mwaka, na kanuni za 2020 zilisema pia kwamba cheti cha mara ya kwanza kisilipiwe. Kwa hiyo ukikutana na mtu kwenye mlango wa saiba anayedai pesa nyingi ili “akusafishie jina”, mpite. Hakuna wa kusafisha jina ila kulipa deni, au kuonyesha kwamba deni si lako.

Ripoti ikija, isomeni pamoja na mtu anayeelewa. Ni nani alikopesha? Lini? Ni kiasi gani? Kanuni hizo za 2020 zilikataza kupeleka majina ya watu kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000, na mkopeshaji anatakiwa kumjulisha mtu kabla ya kumpeleka. Kama kuna kosa, andika barua kwa kampuni ya CRB na kwa mkopeshaji, uweke nakala. Usiende kwa maneno matupu, maneno hayana mhuri. Kama deni ni la kweli, zungumza na mkopeshaji juu ya kulipa kidogo kidogo, kisha udai barua ya kumaliza. Habari ya deni lililochelewa huweza kubaki katika kumbukumbu miaka mitano baada ya kulipwa, lakini itaonekana kwamba limelipwa, na hiyo ni tofauti kubwa.

Na wasioweza kulipa si wachache. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kupunguza angalau nusu ya madeni ya simu yaliyokwama, na wakopaji waliohusika walikuwa kama milioni 4.2. Mpango huo ulikuwa na mwisho wake, Mei 2023. Tunautaja tu ili mama yetu asifikiri yeye ndiye mwenye aibu peke yake Kenya nzima.

Je, mwenye nyumba anaweza kuchungulia habari zako kisirisiri? Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Habari zako hazichukuliwi bila sababu halali, na wewe una haki ya kujua zinatumiwa kwa kazi gani. Kule Marekani, ambako wenye nyumba wamezoea kukagua madeni, sheria ya mwaka 1970 inamlazimu mwenye nyumba anayemkataa mtu kwa sababu ya ripoti amwambie hivyo. Basi nasi tusione haya kuuliza kwa heshima: mzee, umenikataa kwa nini?

Mara nyingi atakubali ushahidi mwingine. Barua ya mwenye ploti wa zamani ina uzito kuliko vyeti vingi. Ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya miezi kumi na miwili, usiufute. Kwa kikundi, beba cheti cha kuandikishwa, kitabu cha benki, na kitabu cha mweka hazina kilichoandikwa vizuri. Mkataba uandikwe kwa jina la kikundi, sahihi ziwe tatu, na risiti ya pesa za dhamana ionyeshe zitarudishwa lini.

Kwa mkutano wenu ujao, jadilianeni haya: Ni nani kati yetu amempa mtu mwingine laini au kitambulisho chake, na kiko wapi leo? Mwanachama akikwama na deni la simu, kikundi kitamsaidia mpaka kiasi gani, na atarudisha vipi? Mwandishi aandike majibu kitabuni kabla watu hawajatawanyika.