Kuwafahamu Waogiek: Mwongozo wa Vyanzo vya Maarifa

Waogiek ni jamii ya wawindaji na warina asali ambao tangu jadi makao yao ni msitu wa Mau, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na miteremko ya Mlima Elgon. Sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa watu 52,596. Lugha yao iko katika kundi la Kikalenjin, ingawa wengi wao leo huzungumza lugha za majirani. Mwalimu, mwandishi wa habari au mhudumu wa afya anayetaka kuwafahamu anavyo vyanzo kadhaa, na kila kimoja kina nguvu na upungufu wake.

Wazee na warina asali

Chanzo cha kwanza ni Waogiek wenyewe, kwa kuwa maarifa yao yamerithishwa kwa masimulizi na kwa kazi ya mikono. Mfano ni asali. Mzinga wa jadi ni gogo lililochimbwa ndani na kupandishwa juu ya mti. Maua ya msituni hayachanui kwa wakati mmoja: ukanda wa chini una msimu wake na wa juu una wake. Ndiyo maana ardhi ya kila ukoo, iitwayo konoito, ilikatiza kanda hizo kutoka chini hadi juu, ili mizinga ya ukanda mmoja ikikauka, ya mwingine ianze kujaa. Asali ililiwa, ikatengenezewa pombe ya sherehe, ikatolewa mahari na kubadilishwa kwa bidhaa za Wamaasai na Wakipsigis. Kwa hiyo anayemsikiliza mrina asali hujifunza pamoja majira ya miti, mipaka ya ardhi na taratibu za ndoa.

Hati za mahakama

Oktoba 2009 Waogiek walipewa ilani ya siku 30 kuondoka msituni. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 iliwatambua kuwa jamii ya asili na kukataa hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu. Mahakama iliona kwamba Kenya ilivunja haki zao kadhaa, zikiwemo za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao ya jadi. Hukumu zote mbili ziko wazi kwa umma. Zina ushahidi wa pande zote, lakini zimeandikwa kisheria, na maisha ya kila siku yanagusiwa humo kwa muhtasari tu.

Nyaraka za kikoloni na tafiti

Katika nyaraka za zamani Waogiek huitwa Dorobo, jina la dharau walilopewa na wengine. Anayetafuta katika maktaba hulazimika kulijua, ila halifai kutumiwa kuwaita. Tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa. Ripoti yake inaeleza vizuri fikra za serikali ya kikoloni, lakini haieleweshi sana jinsi Waogiek walivyojiona.

Tafiti za baadaye zina uzito zaidi. Roderic Blackburn alichunguza uchumi wa asali na umiliki wa ardhi. Corinne Kratz aliandika kuhusu unyago wa wanawake katika kitabu cha 1994, na kuhusu maonyesho ya picha za Waogiek katika kitabu cha 2002. Katika maonyesho hayo, maelezo ya picha yalibeba pia maneno ya Waogiek waliozitazama.

Ustawi wa jamii

Afya ya Waogiek haieleweki kwa kuhesabu zahanati peke yake. Msitu ndio uliowapa chakula, dawa za magome na mizizi, mahali pa ibada na makaburi ya wazee. Familia ikiondolewa humo hupoteza vyote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo takwimu za lishe au elimu zisomwe pamoja na historia ya kuhamishwa.

Wajibu wa anayejifunza

Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasisitiza ridhaa iliyotolewa kwa hiari, mapema na kwa kuelewa. Kenya nayo ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi. Kwa hiyo:

- Ruhusa iombwe kabla ya kurekodi, kupiga picha au kuandika kuhusu dawa na ibada.
- Anayetoa maarifa atajwe akipenda, na afichwe jina akitaka hivyo.
- Wanawake na vijana wasikilizwe pamoja na wazee.
- Maelezo ya chanzo kimoja yalinganishwe na ya kingine.
- Nakala ya kazi iliyokamilika irudishwe kwa jamii, katika lugha inayosomeka huko.