Klachi Inayoharibika Tena na Tena: Haki na Wajibu wa Mnunuzi wa Pikipiki

Ndugu mlaji, katika miji na vijiji vyetu pikipiki ni chombo cha riziki. Dereva wa bodaboda aliyeichukua kwa mkataba hudaiwa hesabu yake, iwe pikipiki iko barabarani au imelala karakana. Kwa hiyo klachi inayoharibika mara tatu ndani ya miezi michache si usumbufu tu. Yaweza kumpotezea chombo chenyewe kabla hajamaliza kukilipia. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuitambua hitilafu inayojirudia na namna ya kudai matengenezo chini ya dhamana.

Mfano

Mnunuzi amechukua pikipiki mpya yenye dhamana. Baada ya miezi miwili klachi inaanza kuteleza: injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani. Karakana ya wakala inabadilisha sahani za klachi. Wiki tano baadaye hali inarudi ile ile. Sahani zinabadilishwa tena, na safari hii anatozwa fedha, kwa maelezo kwamba sahani ni kipuri cha kuchakaa na hazimo katika dhamana. Mara ya tatu anaambiwa kwamba yeye ndiye anayeendesha vibaya.

Maelezo hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba sahani huchakaa, na dhamana nyingi hazizigusi. Lakini swali la msingi si kipuri gani kimechakaa, bali kwa nini kimechakaa upesi hivyo. Sahani hukaa ndani ya bakuli la klachi na kubanwa na springi. Springi zikiwa dhaifu, au kebo ikikazwa kupita kiasi, sahani mpya zitateleza na kuungua kama zile za kwanza. Kuta za bakuli zikiwa na mikwaruzo mirefu, sahani hukwama na klachi haiachii sawasawa. Fundi anayebadilisha sahani peke yake ameondoa matokeo na kukiacha chanzo mahali pake.

Wajibu wako

Dhamana si bima ya kila jambo. Yapo makosa ya mwendeshaji yanayoua klachi iliyo nzima, na mlaji mwaminifu hujikagua kwanza.

Usiendeshe huku umeuvuta mkono wa klachi nusu, wala usiitumie klachi kuishikilia pikipiki mlimani. Usizidishe mzigo uliotajwa katika kitabu cha maelekezo. Hakikisha mkono wa klachi una ulegevu kidogo kabla ya kuanza kuvuta; kwa pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake, nacho kitabu chako hutaja kipimo kamili. Aidha, zingatia oili. Katika pikipiki nyingi za bodaboda sahani za klachi huogelea katika oili ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, na utunze risiti yake.

Hatua za kufuata

1. Siku ya kununua, mweleze muuzaji kwamba utabeba abiria au mizigo kwa malipo. Soma dhamana kabla ya kulipa: ni ya miezi mingapi, ya kilomita ngapi, na je, inakubali kazi hiyo? Dai risiti ya EFD, na uhakikishe namba ya chasisi imeandikwa katika hati zako.

2. Fanya servisi kwa wakati na mahali panapotajwa katika dhamana. Kila servisi igongewe muhuri.

3. Hitilafu ikitokea, usimruhusu fundi wa mtaani kufungua injini. Mpelekee wakala, na umwombe fundi aijaribu pikipiki pamoja nawe, ikiwezekana mlimani.

4. Usiondoke bila hati ya matengenezo. Ioneshe tarehe ya kuingia na ya kutoka, kilomita zilizosomeka, malalamiko yako, chanzo kilichogunduliwa na vipuri vilivyobadilishwa. Zipige picha sahani za zamani kabla hazijatupwa.

5. Hitilafu ikirudi, andika barua na ubaki na nakala iliyosainiwa na mpokeaji.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bila hati, kila safari ya karakana huhesabiwa kuwa tatizo jipya. Ukiwa na hati tatu zenye malalamiko yale yale, hitilafu inayojirudia inaonekana kwa macho.

Mfano wa barua

"Pikipiki yangu yenye namba ya chasisi ........, niliyoinunua kwenu tarehe ........, imeletwa katika karakana yenu tarehe ........ na tarehe ........ kwa hitilafu ile ile ya klachi kuteleza. Naomba mkague springi, bakuli na kebo pamoja na sahani. Mnieleze kwa maandishi chanzo cha hitilafu. Mkiondoe bila malipo chini ya dhamana. Na muongeze katika muda wa dhamana siku zote ambazo pikipiki imekaa kwenu. Naomba majibu ndani ya siku 14."

Usipojibiwa

Mwandikie msambazaji au mwagizaji aliyetajwa katika cheti cha dhamana. Asipotoa suluhisho, peleka malalamiko pamoja na nakala za hati zako Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, sheria ambayo pia inakataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji. Kadhalika, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa. Njia ya mahakama nayo iko wazi.

Ikiwa unalipa hesabu kwa mwenye pikipiki, mpe nakala za hati za karakana mapema, kabla deni halijalimbikizana, na mwafikiane kwa maandishi kuhusu siku ambazo chombo hakikufanya kazi.

Maswali ya kujipima

Je, unajua dhamana yako itakwisha lini, na kwa kilomita ngapi? Je, hati yako ya mwisho ya matengenezo inataja chanzo cha hitilafu, au inataja kipuri tu? Kama inataja kipuri tu, rudi karakana leo ukaombe chanzo kiandikwe, dhamana ingali hai.