Paleo ya Isiolo: Bila Nyirinyiri, Ugali Utarudi

Kilichonifanya niandike haya ni pakiti moja ya nyirinyiri, nyama kavu ya wafugaji inayohifadhiwa kwenye mafuta. Niliiagiza Nairobi kwa muuzaji aliyejitangaza mtandaoni kwamba yake ni nyama tupu, Paleo halisi. Ilipofika na basi nikasoma maandishi madogo ya nyuma: sukari, mafuta ya mboga, unga wa soya. Soya! Vitu tulivyoviaga nyumbani vimenirudia kwa bei ambayo hapa sokoni ingenipa mguu wa mbuzi. Nilipompigia simu akanijibu kwamba wateja wake wengine hawajalalamika. Hasira haijaniisha. Anayeuza chakula kwa jina la wafugaji ana deni la ukweli kwao.

Kwa asiyejua, Paleo ni kula kama binadamu walivyokula kabla ya kilimo: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na mizizi. Nafaka, maharagwe, sukari na maziwa havimo. Eaton na Konner waliandika kuhusu wazo hilo katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 1985, na kitabu cha Loren Cordain cha 2002 kikalieneza. Sisi tulilifikisha jikoni kwa hatua nne.

Ya kwanza, ondoa unga na mchele. Usivifiche kabatini, wagawie majirani.

Ya pili, tafuta wanga mwingine. Mimi ni mzaliwa wa Meru niliyeolewa Isiolo, kwa hiyo viazi vitamu na nduma vinavyoshuka kutoka kwetu havinipigi chenga. Ongeza mboga: sukuma, managu na terere. Mwenye kumeza dawa za kisukari au kudungwa insulini amwone daktari kwanza: wanga ukipungua na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka vibaya.

Ya tatu ni maziwa, na hapa nawakatalia wenye vitabu. Mji huu unaishi kwa maziwa ya ngamia. Kina mama wa ushirika wa Anolei huyakusanya kwa wafugaji na kuyapeleka hadi Eastleigh. Wanangu wanayanywa na wataendelea kuyanywa.

Ya nne ndiyo yenye kazi. Ugali hushinda kwa sababu ni wa haraka. Mtoto karudi shule na njaa, maji yamechemka, punde amekula. Nyumba isiyo na kitu tayari itarudia unga tu. Wafugaji walishalipatia jambo hili dawa tangu zamani, nayo ni nyirinyiri, na aliyenifundisha kuitengeneza ni jirani yangu, mama wa Kiborana.

"Mwanangu, tuanze na mafuta," aliniambia. Tulikwenda bucha ya ngamia alfajiri, kabla nundu haijawahiwa na wengine. Tukaikata vipande, tukaiyeyusha kwa moto mdogo, tukachuja. Nyama ya paja tukaichana mikanda mirefu myembamba kwa kufuata nyuzi zake, tukaianika kwenye kamba penye upepo. Kwa kukausha nyama, joto la Isiolo halina mpinzani. Mikanda ilipokauka tukaikata vipande vidogo kama punje za mahindi, tukavitia kwenye karai lenye mafuta yale.

Sasa sikiliza vizuri, maana pengine hutaambiwa. Wengi huepua nyama ikishageuka rangi. Mama yule alinikataza kutazama rangi. "Tumia sikio," akasema. Maji yaliyobaki ndani ya nyama ndiyo yanayofanya mafuta yalie. Yakiisha, mafuta hunyamaza. Tukakaa tunageuza kwa mwiko, moto uleule mdogo, mapovu makubwa yakawa madogo, sauti ikafifia, mwishowe kimya. Hapo ndipo tulipotia chumvi na iliki. Ikaingia kwenye chombo kikavu kabisa, mafuta yakaifunika yote. Kijiko chenye hata tone la maji hakigusi humo, kwa kuwa maji ndiyo yanayoiozesha.

Mtihani ulikuja na mama mkwe kutoka Merti. Usiku wa kwanza alitafuta ugali mezani, akamwuliza mwanawe kama siku hizi tunakula kizungu. Asubuhi nikamwekea nyirinyiri na viazi vitamu. Alichukua kipande kimoja, akakiminya kati ya vidole, akakinusa.

"Mafuta yalinyamaza?"

"Yalinyamaza, mama."

Akala, akaongeza. Aliporudi kwao alibeba mkebe mzima, na juzi kapiga simu akiulizia mwingine. Sifa za muuzaji wa mtandaoni na pakiti yake inayong'aa hazifikii swali lile moja.

Basi ukitaka kuhamisha nyumba yako, weka kando orodha ya vilivyokatazwa, uanze na hatua ya nne. Mwambie mwenye bucha leo akuwekee nundu, uianike nyama kesho, na mkebe ukijaa ndipo ugawe unga.