Pumziko Kando ya Ziwa

Soma kwa ajili ya somo hili: Marko 6:30–46; Kutoka 34:21; Kumbukumbu la Torati 5:12–15; Luka 10:38–42; Mathayo 11:28–30; Waebrania 4:9–11.

Fungu la kukariri: Marko 6:31. Lisomeni pamoja kwa sauti kabla ya kuanza.

SABATO ALASIRI

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, mpakani mwa Tanzania na Burundi, kilifikiwa na wakimbizi kwa makumi ya maelfu. Walijikuta kwenye ukanda mwembamba wa ufuko, mlima nyuma yao na Ziwa Tanganyika mbele yao. Barabara haikuwapo. MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilisimama mbali kidogo na ufuko. Vyombo vidogo vikawapeleka watu ubavuni mwake, nayo ikawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu nacho kikazuka. Siku zile hakuna mhudumu aliyeweza kumwambia mgonjwa, “Rudi kesho.”

Kisa hiki kinatuuliza swali gumu. Ikiwa mahitaji ya watu hayaishi, je, Mkristo ana haki ya kupumzika? Wengi wetu tumejibu kwa matendo kwamba hana. Mzee wa kanisa anatoka kwenye baraza kwenda msibani. Mama wa Dorkasi anawapikia wageni wa makambi tangu alfajiri. Mwalimu wa kwaya ana mazoezi siku nne kwa juma. Tunamtumikia Bwana, lakini hatukumbuki lini tuliketi naye.

WALIRUDI WAMECHOKA

Soma Marko 6:30–46. Yesu aliona nini kwa wanafunzi wake? Ni nini kilichozuia mpango wake?

Mitume walikuwa wametoka kuhubiri, na watu walikuwa wengi hata wakakosa nafasi ya kula. Yesu hakuwakemea kwa kuchoka, wala hakuwalipa kazi yao kwa kazi nyingine. Aliwaita kando, wakapanda chomboni. Lakini watu walikimbia kwa miguu wakawatangulia. Waliposhuka, mahali pale pa faragha palikuwa pamejaa. Bwana akawahurumia, akawafundisha, akawalisha. Pumziko likaahirishwa.

Wengi wetu huishia hapo na kusema, “Mnaona? Kazi kwanza.” Tuendelee kusoma. Baada ya chakula Yesu aliwalazimisha wanafunzi wapande chomboni, akawaaga makutano, kisha akapanda mlimani peke yake kuomba. Je, haja zote za watu wale zilikuwa zimekwisha jioni ile? Hapana. Aliwaaga hata hivyo. Huruma iliahirisha pumziko, haikulifuta.

Siku kama ile ya Kagunga ikitufikia, hata ikiwa ni Sabato, tutaingia majini kusaidia, kwa maana ni halali kutenda mema (Mathayo 12:12). Kosa letu ni kuigeuza kila siku kuwa siku ya Kagunga, na kila kikao kuwa dharura.

USIKU WA GIZA

Soma Kutoka 34:21. Kwa nini Mungu alitaja hasa wakati wa kulima na wakati wa kuvuna?

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huvua usiku, wakiwavuta dagaa kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, nao hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kulala. Pumziko hilo halihitaji imani. Mwezi umekwisha kuamua. Lakini giza linaporudi, usiku wa kuamkia Sabato unaweza kuwa ndio usiku wenye samaki wengi kuliko zote za juma. Hapo ndipo mvuvi Mwadventista anapojaribiwa. Amesimama mlangoni pake, anaziona taa za jirani zake zimetanda ziwani, na ada ya shule ya mtoto haijalipwa.

Amri inaugusa usiku huo hasa. Mungu haombi saa zilizobaki baada ya kazi kwisha. Anasema nasi wakati mavuno yamefika, maana ndipo inapojulikana tunamtegemea nani.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa wanaoishi kwa kuvua, si jambo dogo. Hata hivyo hoja inaeleweka: ziwa likivuliwa bila kupumzishwa, mwisho litakosa cha kutoa. Je, mtumishi wa Mungu si vivyo hivyo?

MTUMWA HAPUMZIKI

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Sabato inahusianaje na kutolewa Misri?

Sisi wa Kigoma hatuhitaji kwenda mbali kuelewa utumwa. Kutoka Ujiji misafara ya pembe na watumwa ilifunga safari ya kwenda Bagamoyo. Mtumwa hakuwa na siku yake. Alipumzika bwana wake alipotaka. Mungu aliwapa Sabato watu waliotoka katika hali hiyo, akawaagiza wawapumzishe pia watumishi wao. Kupumzika ni kukiri kwamba tumewekwa huru.

Basi tujiulize tunamtumikia nani tunaposhindwa kuketi. Martha hakukosea kuandaa chakula (Luka 10:38–42). Alisumbuliwa na mengi, hata akamlaumu dada yake na mgeni wake pia. Uchovu unaozaa lawama ni dalili ya kuangalia. Huenda tumekuwa watumwa wa sifa, au twadhani kwamba tukichoka zaidi Mungu atatupenda zaidi. Yesu anawaita waliolemewa ili awape nira iliyo laini. Wokovu wetu aliukamilisha yeye. Anayeingia katika raha yake huacha kujitafutia haki kwa kazi zake mwenyewe (Waebrania 4:10).

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni shughuli ipi ya kanisa lenu imekuwa mzigo wa mtu mmoja? Nani atampokea juma hili?

2. Mvuvi wa kundi lenu akiuacha usiku wa Sabato wakati wa giza, ninyi mtamsaidiaje kuubeba upungufu wake? Au mtamwachia sifa tu?

3. Tutatofautishaje dharura ya kweli na mazoea ya kukimbiakimbia?

4. Nyumbani kwako, je, msichana wa kazi naye hupumzika Sabato?

Kabla jua halijatua Ijumaa hii, taja mbele za Mungu kazi moja ambayo haijakwisha, umkabidhi, uiache ufukweni.