TAMAA YA UKUBWA ITAKUFIKISHA WAPI?

Kijana mpendwa wa Nyansurura, je, unatamani kuwa mtu mkubwa? Kutamani siyo dhambi. Asiyetamani kitu halimi wala hasomi. Lakini tamaa isiyotawaliwa ni kama lori lililokatika breki mlimani. Jifunze kwa mtu ambaye wazee wako wanamjua sana: Idi Amin.

1. TAMAA HAISHIBI. Mwaka 1946 Amin aliingia jeshi la Mwingereza akiwa hana cheo. Akapanda, akapanda, hadi akawa mkuu wa jeshi la Uganda. Je, alitosheka? Wapi! Tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa safarini, akampindua. Mwaka 1975 akajipa cheo cha juu kabisa jeshini. Mwaka 1976 akawa rais wa maisha. Unaona? Moyo huzoea upesi kile ulichopata, kesho unataka kingine.

2. TAMAA HUZAA HOFU. Aliyepanda kwa kupindua huona kila mtu anataka kumpindua. Askari wa Kiacholi na Kilango wakauawa kwa wingi, kisha raia. Wapo wanaokadiria kwamba waliokufa walifika 300,000. Dhamiri hupiga kelele mara ya kwanza. Ukiizoea kuinyamazisha, inakaa kimya.

3. TAMAA HUPOFUSHA. Oktoba 1978 akavamia Kagera. Hakupima nguvu zake. Jeshi letu likamfuata, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Akakimbia na kuacha vyote. Akafia ugenini, Jeddah, mwaka 2003.

Sasa wewe, rafiki yangu, usiseme, "Mimi siyo Amin, sina jeshi." Mwenzako ametoa ng'ombe wa mahari, ameoa, wewe bado. Unajilinganisha, moyo unawaka. Usiku anakuja mtu: "Twende tukachukue zizi la wale." Mbegu ni ile ile!

Kabla hujashika panga, jiulize maswali matatu. Nikipata hiki, kweli nitatosheka? Nani atalia kwa ajili yangu kesho asubuhi? Je, naweza kumwambia mama mchana kweupe ninakokwenda?

Kama umeshindwa kujibu, rudi ndani. Ng'ombe wa jasho huja polepole, lakini unalala usingizi. Mungu hakukuumba uishi ukikimbia. Hujachelewa. Geuka leo!