SENTI MOJA, MIHURI MINGI

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Wengi wetu tukishika sarafu hutazama thamani yake tu, kisha hao, dukani! Hebu leo tuitazame sarafu kwa jicho la mchunguzi. Mfano wetu ni senti kubwa za Marekani, zilizotengenezwa mjini Philadelphia tangu 1793 hadi 1857. Zilikuwa za shaba, na upana wake ulikaribia sentimita 3.

1. Mbona hazifanani?
Kipande cha shaba huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kisha hugandamizwa kwa nguvu. Enzi hizo fundi aliigongelea herufi na tarakimu katika muhuri moja moja, kwa mkono. Andika jina lako mara mbili uone kama yatalingana sawasawa! Muhuri ulipochakaa au kupasuka, mwingine ulitengenezwa, na herufi zikakaa tofauti kidogo. Ndiyo maana senti za 1794 pekee zina aina zaidi ya 50. "Aina" hapa ni jozi moja ya mihuri: wa mbele fulani na wa nyuma fulani.

2. Tazama wapi?
(a) Mwaka: tarakimu zimebanana au zimeachana? Ya mwisho iko karibu na sanamu au mbali?
(b) Neno LIBERTY: herufi zimenyooka? Ziko umbali gani na nywele za sanamu?
(c) Shada la majani upande wa nyuma: hesabu matunda yake. Ncha ya jani la juu inaelekea herufi gani?
(d) Akisami iliyo chini ya shada: imeandikwaje?

3. Fundi naye ni binadamu
Senti za kwanza za 1793 zilikuwa na mnyororo badala ya shada. Katika muhuri mmoja, neno AMERICA lilikatwa likawa AMERI. na nukta yake! Senti moja ya 1801 ina makosa matatu: UNITED yasomeka kama IINITED, shada lina kikonyo kimoja badala ya viwili, na akisami ni 1/000 badala ya 1/100. Kugawanya kwa sufuri! Mwalimu wa Hisabati angesemaje? Lakini leo watoza sarafu wanazitafuta kwa udi na uvumba.

4. Alama ya muhuri au kovu?
Hapa ndipo wengi huteleza. Muhuri ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa huo, na kwenye sarafu tunaona mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mfukoni, kinyume chake, huzama. Kwa kawaida basi, mstari ulioinuka umetoka kwenye muhuri, na ndugu zake wengine wanaweza kuwa nao. Uliozama ni kovu la sarafu hiyo peke yake. La kwanza lakueleza ukoo wake, la pili lakueleza ni ipi hasa.

Tofauti hii si ndogo. Mwaka 1949 William H. Sheldon alitoa kitabu kilichozipa nambari aina za senti za 1793 hadi 1814, na nambari hizo zinatumika hadi leo. Alifariki 1977. Baadaye jumba la sarafu la American Numismatic Society, New York, liligundua kuwa baadhi ya senti zake nzuri zilibadilishwa kwa siri, zikawekwa nyingine duni za aina zile zile. Jumba lilidai kuwa aliyezibadilisha ni Sheldon, na katika miaka ya 1990 kesi ikafika mahakamani California. Senti zilizopotea zilitambuliwaje? Kwa picha za zamani, kovu kwa kovu! Kuijua aina peke yake kusingetosha, kwa maana aina ilikuwa ile ile. Ama kweli, ukweli ukidhihiri uongo hujitenga.

Zoezi
1. Eleza maana ya "aina" katika somo hili.
2. Senti mbili za mwaka mmoja zina ufa ulioinuka mahali pale pale. Unajifunza nini?
3. Senti yako ina mstari uliozama shavuni mwa sanamu. Je, utakusaidia kujua aina yake? Toa sababu.

Haya, chukua lenzi ukaanze kazi!